Saluni Kongwe za Kijapani Siakago: Kusoma Gari Kabla ya Kulibadilisha

Utangulizi

Ufunguo unapozungushwa katika saluni ya Kijapani iliyokula miaka, mara nyingi sauti ya mwanamke husikika kabla ya injini kutulia. Sauti hiyo hunena Kijapani, kwa adabu na bila haraka, kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani pasipo gari kusimama langoni. Kifaa chake hufungwa karibu na usukani, na mwenye gari wa kwanza alipoliuza alibaki na kadi yake. Siakago, katika eneo la Mbeere, kaunti ya Embu, hakuna lango la kulipia barabara wala kadi ya kuingizwa, lakini gari huendelea kuidai kadi hiyo kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Abiria wengi wameizoea sauti. Wachache wanajua inachosema.

Jambo hilo dogo linafaa kuwa mlango wa kuingilia katika mada. Gari hilo lilisanifiwa kwa ajili ya nchi yenye lami laini, petroli ya daraja maalumu, ukaguzi wa mara kwa mara na fundi anayesoma Kijapani. Makala haya yanadhamiria kueleza yale ambayo magari ya aina hiyo, hasa Toyota Mark II, mrithi wake Mark X, na Toyota Crown, hufanyiwa ili yaweze kuishi mahali kama Siakago. Hoja inayoyaongoza ni moja. Hakuna badiliko katika gari linaloondoa mzigo. Mzigo huhamishwa tu kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na fundi hodari ni yule anayejua ulikokwenda. Fundi asiyejua hugundulikana barabarani, na kwa kawaida si yeye anayekuwa ndani ya gari.

Jinsi magari haya yalivyofika

Sheria za Japani humtaka mwenye gari jipya la binafsi alipeleke likaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, huandamana na ushuru na bima ya lazima, na gharama zake humfanya Mjapani wa kawaida aone heri aliuze gari lingali na nguvu. Magari hayo hupata soko katika nchi ambazo, kama Japani, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Tangu masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, saluni ya Kijapani imeshika katika fikira za watu mahali palipokuwa pa Peugeot 504: ndilo gari la mtu aliyefanikiwa, mwenye viti vya kitambaa laini na injini isiyopiga kelele.

Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 cha Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Kutokana na kanuni hiyo msomaji anaweza kufanya hesabu ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Saluni ya mwisho ya Mark II iliundwa mwaka 2004. Kwa hiyo hakuna saluni ya Mark II iliyoweza kuingia kihalali baada ya mwaka 2012 au 2013. Kila Mark II inayoonekana Siakago leo imekwisha kukaa Kenya miaka isiyopungua kumi, na namba yake ya usajili kwa kawaida huanza na KA au KB. Dalali anayesema kwamba limetoka Japani juzi anasema uongo ambao kalenda yenyewe inaukanusha. Mark X, lililoundwa kuanzia 2004 hadi Desemba 2019, linaweza kuwa geni kidogo, ingawa mengi yaliyo mikononi mwa watu ni ya miaka ya mwanzo.

Ushuru nao umechangia. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500 ulipandishwa kutoka 20% hadi 25%, na injini ndogo kabisa ya Mark X ina 2,500. Mwalimu, karani wa kaunti au mfanyabiashara wa muguka anayetaka saluni ya hadhi hujikuta akinunua iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, mara nyingi kwa mkopo wa chama cha akiba. Mkopo huo haukomi gari linapokufa.

Gari kama matini

Kabla ya spana kushikwa, gari husomwa. Mwanafunzi wa isimu hatapata taabu hapa, kwani namba ya chesisi iliyochongwa katika kibati chini ya boneti imeundwa kwa viambishi na mzizi. Tuchukue mfano wa JZX100. JZ ni jamii ya injini, X ni ukoo wa gari (Mark II na ndugu zake Chaser na Cresta), na 100 ni kizazi, yaani kile kilichoanza mwaka 1996. GX110 ni kizazi kilichofuata mwaka 2000, chenye injini ndogo ya lita 2. GRX120 ni Mark X la kwanza lenye injini ya lita 2.5, na GRX121 ni ndugu yake wa lita 3. Crown ina ukoo wa S, kwa hiyo JZS155 ni Crown yenye injini ya JZ. Anayeanza kusoma atahadhari na mtego mmoja: G peke yake na GR si kitu kimoja. Ya kwanza ni injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, ya pili ni injini ya silinda sita zilizogawanyika mistari miwili kama herufi V. Vipuri vyao havibadilishani kamwe.

Usomaji huu si wa kujifurahisha. Kibati kikisema GX110 na chini ya boneti kukakutwa injini ya JZ, hiyo ni habari nzito: gari limebadilishiwa moyo. Injini ya 1JZ-GTE, yenye taabo, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. Ile ya 1G ya GX110 ilikuwa na takribani 160. Vijana huipenda mno ile ya kwanza, na si ajabu, kwani mlio wake una raha yake. Lakini nguvu hiyo mpya hupitia giaboksi, difu na mihimili iliyokusudiwa nguvu ndogo, na gari linapotakiwa kusimama, husimamishwa na breki za gari la lita 2. Mzigo umehama kutoka kwa injini iliyochoka hadi kwa diski za breki. Aliyebadilisha injini bila kubadilisha breki amefanya nusu ya kazi, na ni nusu ile isiyookoa mtu. Kisheria pia mabadiliko ya injini sharti yaandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ili hati ya umiliki irekebishwe. Gari ambalo namba ya injini haipatani na hati yake ni taabu wakati wa kuuza, na ni taabu kubwa zaidi wakati wa kudai bima.

Yako maandishi mengine yanayopuuzwa. Gereji za Japani zinapobadilisha belti ya taimingi hubandika karatasi ndogo kwenye kifuniko cha injini au karibu nacho, zikiandika tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa kalenda ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989 na kwisha Aprili 2019, kwa hiyo mwenye kusoma hujumlisha 1988: Heisei 16 ni 2004, Heisei 21 ni 2009. Injini za 1G na 1JZ hutumia belti ya mpira, ambayo desturi ni kuibadilisha kila kilomita 100,000. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma na wafanyabiashara wasio waaminifu. Karatasi ile hawaikumbuki kwa sababu hawawezi kuisoma. Gari ambalo mita yake inaonyesha kilomita 78,000 huku karatasi ikisema kwamba belti ilibadilishwa zilipofika 98,000 limejishuhudia lenyewe. Injini za GR za Mark X hutumia mnyororo badala ya belti, na hapo suala hilo halipo.

Kupandisha gari

Siakago iko kwenye mteremko ambao ardhi ya Embu hushukia kuelekea mto Tana, kilima cha Kiang'ombe kikiwa karibu. Ni nchi kavu yenye joto, nchi ya muguka, ndengu na mbuzi. Lami ipo, lakini mwenye gari haishi juu ya lami peke yake. Nyumba yake, shamba lake na matanga ya jamaa zake viko kwenye njia za udongo na changarawe za Nthawa, Muminji na Evurore, zenye makorongo wakati wa mvua na matuta wakati wote. Saluni ya hadhi ya Kijapani ina sakafu iliyo karibu na ardhi. Ndiyo maana badiliko la kwanza linaloombwa ni kupandishwa.

Hapa pana imani moja inayofaa kuondolewa mapema, nayo ni kwamba rimu kubwa hupandisha gari. Tairi la kawaida la Mark X la pili lina maandishi 215/60R16. Maana yake ni kwamba upana wake ni milimita 215, ukuta wake ni 60% ya upana huo, yaani milimita 129, na rimu yake ni inchi 16. Toleo la kifahari zaidi lilikuja na 235/45R18, ambalo ukuta wake ni 45% ya 235, takribani milimita 106. Msomaji akijumlisha rimu na kuta mbili, ataona kwamba tairi la kwanza lina kimo cha milimita 664 hivi na la pili 669. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoinua gari: milimita 2 na ushei, unene wa sarafu. Wakati huohuo ukuta wa mpira unaolinda rimu dhidi ya shimo umepungua kwa milimita 23. Aliyelipia rimu za inchi 18 ili gari lipande amenunua rimu zitakazopinda. (Wanaozinunua kwa ajili ya urembo wana hoja yao, wala haipingwi hapa.)

Njia inayopandisha kweli ni spesa. Hiki ni kipande cha mpira mgumu, plastiki au alumini kinachowekwa kati ya springi na mahali inaposhikilia bodi. Ni kazi ya nusu siku na bei yake si kubwa. Katika Mark II za kizazi cha 100 na 110, na katika Mark X, mguu wa mbele una mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi haikalii gurudumu moja kwa moja bali hukalia mkono wa chini, katikati ya njia kati ya bodi na gurudumu. Kwa sababu hiyo spesa ya inchi 1 hupandisha gari zaidi ya inchi 1, kama vile mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba anavyouona ukingo wa mlango ukienda mbali kuliko mkono wake. Fundi asiyelijua hilo huweka spesa ya inchi 2, na gari husimama kama ndama mchanga.

Sasa mzigo uende wapi? Kwanza, huenda kwenye shoki. Shoki ina urefu wake wa kujinyoosha, na gari lililopandishwa mno husimama shoki ikiwa imekaribia mwisho wa kunyooka. Gurudumu linapoingia shimoni, shoki hugonga ukomo wake na kuanza kuvuja. Pili, boljointi hufanya kazi kwa pembe ambayo haikukusudiwa, nayo ndiyo inayoshikilia gurudumu. Boljointi ya chini ikichomoka mwendoni, gurudumu hulala chini ya gari na usukani huwa pambo tu. Tatu, magurudumu hubadilisha mwinamo, na tairi huanza kuliwa upande mmoja. Nne, kitovu cha uzito kimepanda, na kona ambayo gari liliimudu kwa kilomita 80 kwa saa haliimudu tena vilevile. Tano, ni jambo ambalo wengi hawalifikirii: ikiwa mbele imepanda kuliko nyuma, taa humulika machoni mwa wanaokuja, na bodaboda wa usiku ndiye anayelipa.

Yote haya hayamaanishi kwamba gari lisipandishwe. Kwa mtu wa Muminji, gari lisilopandishwa ni sampu iliyopasuka, na sampu iliyopasuka ni injini iliyokufa. Maana yake ni kwamba kazi haijaisha spesa inapoingia. Iko hatua moja inayotofautisha gereji na gereji, nayo ni bushi. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya mkono wa gurudumu na bodi. Mpira huo hauteleziki, bali hujipinda mkono unapopanda na kushuka, kisha hurudi. Kiwandani bolti yake hukazwa gari likiwa katika kimo chake cha kawaida, ili mpira upumzike gari linaposimama. Gari likipandishwa bila bolti hizo kuguswa, mpira hubaki umejipinda mchana na usiku, na baada ya miezi michache huchanika. Mwenye gari husikia mlio wa kugongagonga, akaambiwa kwamba bushi alizonunua zilikuwa bandia. Huenda hazikuwa bandia. Dawa ni rahisi nayo haigharimu kitu: spesa zikishawekwa, bolti za bushi zilegezwe, gari lishushwe likalie magurudumu yake, lisukumwe mbele na nyuma kidogo, kisha bolti zikazwe likiwa chini. Baada ya hapo magurudumu yapangwe kwa mashine, hata kama mwenye gari atalazimika kulipeleka mjini Embu.

Nyuma ya gari mambo ni tofauti kidogo, kwani huko nia aghalabu si kupandisha bali kubeba. Mzigo mkubwa wa muguka, ambao sharti ufike sokoni ungali mbichi, hubebwa na Probox na pikapu. Hata hivyo magunia ya ndengu na mafurushi ya muguka huingia katika buti za saluni pia. Mafundi huchomeka raba kati ya mizunguko ya springi ili isilale. Raba hiyo huizuia mizunguko miwili isifanye kazi, na kazi yake hugawiwa mizunguko iliyobaki. Springi huvunjika pale pale raba inapoishia, jambo ambalo humshangaza mwenye gari lakini halipaswi kumshangaza aliyeichomeka.

Joto na oili

Siakago iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na mahali pa kimo hicho maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Rejeta ya gari huyazuia yasichemke kwa kuyaweka chini ya shinikizo, na kinachotunza shinikizo hilo ni kifuniko chake, chenye springi na mpira mdogo. Mpira ukikauka, shinikizo hutoroka, maji huchemka, gasketi ya silinda hedi huungua. Kifuniko kipya ni cha shilingi mia chache. Hedi ya injini ya silinda sita ni habari nyingine kabisa.

Gari linapopata joto, tiba iliyozoeleka katika gereji nyingi za Afrika Mashariki ni kung'oa themostati na kuitupa. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike takribani nyuzi 82. Mantiki ya kuing'oa inaeleweka: mlango ukiondolewa, maji yatapita daima na injini haitachemka. Kweli gari hupoa kwa siku chache, na fundi husifiwa. Lakini injini ambayo haifikii joto lake hudhaniwa na kompyuta yake kwamba ndiyo kwanza imewashwa, kwa hiyo huendelea kumiminiwa petroli nyingi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi huliwa, na mwenye gari huanza kulalamikia ulaji wa mafuta bila kuuhusisha na kile kidude kilichotupwa. Tena ugonjwa wenyewe haujatibiwa: rejeta bado imeziba, au maji ya mtoni yaliyomiminwa badala ya kipozaji maalumu yameendelea kuila kwa kutu.

Katika Mark II nyingi feni husukumwa na injini kupitia kiunganishi chenye mafuta ya silikoni, ambacho hushika joto likizidi na kulegea linapopungua. Kikichakaa, feni huzunguka kivivu. Mafundi hukifunga kwa bolti ili feni izunguke daima. Badiliko hili lina mlio mkubwa na hula nguvu kidogo, lakini kwa gari linalopanda mlima polepole likielekea Embu adhuhuri, ni badiliko linaloweza kutetewa. Si kila kazi ya jua kali ni kosa.

Kwa Mark X adui ni mwingine. Injini yake ya 4GR-FSE hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za kale petroli ilipita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Katika hii haizipiti. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini hutua juu ya valvu hizo na kuungua ukawa masizi, safu juu ya safu, hadi injini inakohoa asubuhi na kutetemeka inapopumzika. Injini hiyohiyo ilitumiwa katika Lexus IS 250, na Marekani malalamiko yalikuwa ya namna hiyohiyo. Viongeza-nguvu vya chupa vinavyomiminwa ndani ya tangi haviwezi kuisaidia, kwa sababu petroli, hata iwe na dawa gani, haifiki pale masizi yalipo. Kinachosaidia ni kufungua njia ya hewa na kuzisugua valvu kwa mkono.

Aidha, injini hii hujulikana kwa kula oili inapozeeka. Hapa taa nyekundu ya oili imewaponza wengi. Taa hiyo haisemi kwamba oili imepungua. Inasema kwamba shinikizo limekwisha. Inapowaka, vyuma vinasagana tayari. Injini inayokula oili hupimwa kwa kijiti chake kila juma, jambo la dakika moja asubuhi gari likiwa mahali pa tambarare.

Giaboksi za otomatiki zinastahili neno moja. Mark II hutumia oili ambayo Toyota huiita T-IV, na giaboksi ya gia sita ya Mark X hutumia nyingine iitwayo WS, iliyo nyepesi zaidi. Zote ni nyekundu. Rangi si ushahidi.

Redio na betri

Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, ilhali vituo vya Kenya viko kati ya 88 na 108. Ndiyo sababu gari hufungwa kigeuzi kidogo kinachoyashusha masafa, na ndiyo sababu namba inayosomeka kwenye redio hailingani kamwe na ile inayotajwa na mtangazaji. Betri nayo ina mtego: skrini nyingi za ramani zikikosa umeme hata kwa dakika chache hudai, kwa Kijapani, kadi au namba ya siri ambayo hakuna aliyenayo, na redio hunyamaza pamoja nazo. Fundi mzoefu huunganisha betri ya pili kwanza, ndipo aifungue ya kwanza.

Neno na kipuri

Limebaki suala linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Vipuri vya magari haya havipatikani kwa wingi Siakago. Huagizwa kwa simu Nairobi, mara nyingi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na kutumwa kwa matatu. Agizo ni maneno matupu. Mwenye gari akisema "bushi ya mbele", katika Mark X mguu mmoja wa mbele una bushi kadhaa, na muuzaji atatuma ile inayouzwa zaidi. Kipuri kisichofaa kikifika, nauli imelipwa, gari liko juu ya mawe, na siku ya soko imepita. Kishawishi cha kukitumia hivyohivyo, kwa kukikata au kukijaza mpira wa tairi kuukuu, ni kikubwa, na bushi ya namna hiyo haitamngoja mtu afike Embu.

Wanaistilahi wamependekeza maneno mengi ya vyombo vya moto, na mengine ni mazuri kwa kuyatazama. Hata hivyo fundi haagizi kwa maneno hayo. Anasema rejeta, shoki, boljointi, difu, na muuzaji wa Nairobi anamwelewa. Upungufu wa msamiati huu hauko katika asili yake ya kigeni, kwani Kiswahili kimemeza maneno ya mataifa mengi bila kuugua. Upungufu wake ni kwamba unataja kitu bila kutaja mahali pake: juu au chini, ndani au nje, upande wa bodi au upande wa gurudumu. Lugha ina nyenzo za kutosha kwa kazi hiyo. "Bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele, upande wa dereva, GRX120" ni kirai kirefu, lakini kina kila kitu, na anayekitaja hutumiwa bushi moja tu.

Mafundi wengine hutatua tatizo hilo bila kungoja wanaisimu. Hukipiga picha kipuri kilichong'olewa kikiwa kimewekwa kando ya kibati cha chesisi, wakaituma picha hiyo kwa simu pamoja na agizo. Picha huonyesha umbo na kibati husema ukoo. Ila picha haisemi ni upande gani, kushoto au kulia, na hapo muuzaji hupiga simu kuuliza.